Stakabadhi za Wiki ya Radi

Kopo la tatu liligoma. Nakijwa alizungusha skrubu yake robo mzunguko kulia, akasubiri, akatazama mshale wa kipimo, kisha akairudisha kidogo kushoto. Mshale ulitikisika ukakaa palepale.

Makopo yalikuwa sita, ya shaba, marefu kama madumu ya maziwa, yamefungwa ukutani mwa kibanda kwa mikanda ya chuma. Kazi yao ilikuwa kutenganisha sauti inayoingia kituoni na ile inayotoka, kwa sababu zote mbili zilipita kwenye antena moja. Kopo moja likilegea, ripita, yaani mashine inayopokea sauti na kuirusha tena, huanza kujisikia yenyewe, na watu wa bondeni husikia mvumo mahali pa maneno. Leo mvumo ulikuwepo, ila mdogo. Nakijwa alitia alama ya penseli kwenye kichwa cha skrubu ili ajue alipofikia, akasikia hodi mlangoni.

Alikuwa Namsifu, mke wa kaka yake mdogo, amebeba bakuli la makande lililofungwa kwa kitambaa. Alikuwa amepanda kilele chote cha Ikongwe kwa miguu, jambo alilolifanya mara moja kwa mwaka kama si mbili.

"Karibu, wifi. Usikanyage huo waya."

"Hayo makopo hayajapona tu? Nilipokuja mara ya mwisho nilikukuta unayachokonoa hivihivi."

"Lilikuwa la tano."

"Wangekuwa ng'ombe wangeshakutoroka."

Nakijwa alicheka, akapokea bakuli. Alijua kwamba wifi yake hakupanda mlima kuleta makande. Ilikuwa siku ya mwito.

Saa nane kasoro dakika tano aliacha makopo akakaa mbele ya sanduku la ujumbe. Lilikuwa sanduku la chuma lenye kioo kidogo cha kusomea, na ndani yake vibao viwili vya kumbukumbu. Vilikuwa vitatu, kimoja kilikufa mwaka wa mafuriko, na tangu mitambo ya simu iliponyamaza hapakuwa na mtu aliyetengeneza vingine. Vibao hivyo viwili vilikuwa na vyumba elfu mbili na mia nne, na kila ujumbe, uwe mfupi au mrefu, ulikaa katika chumba kimoja mpaka mwenyewe auchukue. Leo vyote vilikuwa vimejaa. Kwenye kilele cha jirani, Nanzika, jumbe arobaini zilikuwa zimekwama zikingoja nafasi, na bahasha ya mmoja ilionyesha kwamba umetoka bohari ya chanjo kwenda zahanati ya Ikongwe.

Kwa hiyo ilibidi wafute. Lakini watu wa redio ya ridhaa hawakufuta ujumbe wa mtu hivihivi. Ule uliokaa miaka mitatu bila kuchukuliwa uliitwa kwanza hewani. Jina lilitajwa mara tatu, na baada ya kila mara kituo kilikaa kimya dakika nzima. Siku hiyo vilele vyote saba viliunganishwa, kuanzia Ikongwe mpaka Gombelo, kule reli ilikokuwa ikifufuliwa, na yeyote mwenye redio, ya kwake au ya kuazima, aliweza kusikia. Watu wengi walizima mashine zao za kusaga wakasikiliza. Hakuna aliyewaagiza kufanya hivyo.

Miaka mingine majina hayakuzidi manane. Safari hii yalikuwa ishirini na sita. Nakijwa alikuwa ameihesabu orodha mara mbili asubuhi, akadhani ni kwa sababu vijana wengi walishuka bondeni mwaka jumbe hizo zilipotumwa.

Alibonyeza kitufe cha kusemea. Aliwasalimu watu wa vilele vyote, akaeleza utaratibu kwa maneno yaleyale ya kila mwaka, akaanza. Jina la kwanza halikujibiwa, wala la pili, wala la tatu. La nne lilijibiwa na mzee mmoja wa upande wa mashariki, aliyeomba radhi kwa kukohoa kwanza. Alitaja jina lake na namba yake ya wito, na mashine ikalinganisha sauti yake na ile aliyoiacha siku alipojiandikisha. Taa ya kijani iliwaka. Hapakuwa na ufunguo mwingine. Ujumbe ukishafungwa, mtunza kituo hausomi, na hata aliyeuandika hawezi kuurudisha. Nakijwa alibonyeza kitufe cha kutoa, ujumbe ukaenda kwa mwenyewe, na chumba kimoja kikabaki wazi. Alimwomba Kajiru, mtunza kituo wa Nanzika, auachilie ule wa chanjo kabla ya mwingine wowote. Chumba kikajaa tena papo hapo.

Majina mengine saba yalipita bila jibu. Namsifu alikuwa amekaa juu ya sanduku la vifaa, mikono mapajani.

"Wa kumi na mbili ni nani?" aliuliza.

Nakijwa alijua kwamba wifi yake anajua. Alimwonyesha orodha. Eliewaha Kiangi, namba mia mbili kumi na nne.

"Mruke," Namsifu alisema.

"Nikimruka, ujumbe wake utafutwa bila kuitwa."

"Ndicho nilichokuja kukuomba."

Akaeleza polepole, akitazama sakafu. Nakijwa aliijua nusu ya habari hiyo. Eliewaha alishuka kwenda kusimika nguzo za reli, akaahidi kurudi baada ya wiki tatu, wakati Namsifu ana mimba ya miezi minane. Wiki tatu zikawa tano. Mtoto alizaliwa kwa shida, siku mbili na usiku wa katikati, na Namsifu alipoweza kukaa aliomba jirani amwandikie ujumbe. Nusu ambayo Nakijwa hakuijua ilikuwa maneno yenyewe, na sasa akaambiwa. Yalikuwa manne: Mtoto amezaliwa. Hukuwepo. Usirudi.

Siku ya tatu hasira ilikuwa imekwisha, lakini ujumbe ulikuwa umekwenda. Tangu hapo Namsifu alikuwa na faraja moja tu. Kila mwezi, kwa redio ya kuazima, alimuuliza wifi yake kama ujumbe ule umechukuliwa, na kila mwezi Nakijwa alitazama taa yake nyekundu kwenye sanduku, ile inayowaka mpaka ujumbe uchukuliwe, akamjibu kwamba bado.

"Ukisema bado, nalala," Namsifu alisema. "Maana yake hajausoma. Maana yake kuna jambo jingine linalomzuia, na siku likiisha atarudi bila kujua niliandika nini. Sasa wewe unataka kumwita umpe mkononi."

"Na asipojibu?"

"Basi hilo nalo sitaki kulijua leo."

Nakijwa alivuta orodha karibu. Orodha alikuwa nayo yeye peke yake. Angeweza kusoma la kumi na tatu na hakuna kilele ambacho kingegundua. Kanuni ilimtaka aite. Moyo wake nao ulimtaka aite, kwa kuwa Eliewaha alikuwa mdogo wake, na kwa miaka mitatu alikuwa akiitafuta sauti yake hewani bila kuisikia. Hicho ndicho kilichomtia wasiwasi. Alikuwa amezoea kutoiamini kazi inayokubaliana mno na anachokitamani. Kipimo kikisoma vile unavyotaka, alijifundisha zamani, pima tena.

Akapima tena. Akamtoa mdogo wake, akaweka mtu mwingine asiyemjua, mwenye ujumbe mbaya vilevile. Je, angemruka? Ujumbe ulikuwa wa mtu huyo tangu siku ulipofungwa. Ubaya wake haukuufanya uwe wa mtunza kituo. Lakini hakukuwa na kanuni iliyosema kwamba kitufe cha kutoa lazima kibonyezwe sekunde ileile taa inapowaka.

"Nitamwita," alisema. "Akijibu, sitabonyeza kabla hajajua kwamba wewe uko hapa. Atachagua mwenyewe aanze na nini."

Namsifu alijifunga kanga upya kiunoni ingawa haikuwa imelegea.

"Basi ita," alisema, "kabla sijashuka."

Nakijwa alibonyeza kitufe. "Ikongwe inamwita Eliewaha Kiangi, mia mbili kumi na nne. Kuna ujumbe wako. Ukinisikia, jibu. Ova."

Dakika ya kwanza ilikuwa na mvumo wa kopo la tatu na si kitu kingine. Katika dakika ya pili mtu fulani, pengine bila kukusudia, alibonyeza kitufe cha redio yake. Ikasikika pumzi, na jogoo kwa mbali, ikakatika. Namsifu alikuwa amesimama. Taa haikuwaka. Nakijwa aliita mara ya tatu kwa sauti ileile ya mara ya kwanza, akatazama mshale wa sekunde. Ulipita thelathini. Ulipita arobaini. Kwenye hamsini na moja sauti iliingia, imekwaruza, ya mtu aliyesimama mahali penye upepo.

"Ikongwe, Eliewaha Kiangi, mia mbili kumi na nne, nipo. Ova."

Taa ya kijani iliwaka mara moja. Mashine haikusita.

Nakijwa aliondoa mkono wake juu ya meza ili usikaribie kitufe cha kutoa. Alivuta pumzi mbili.

"Nimekupata, mia mbili kumi na nne. Hapa ni dada yako. Nina ujumbe wako wa miaka mitatu. Aliyeutuma yuko hapa kibandani, nimekaa naye. Chagua: nikupe ujumbe, au nikupe mwenyewe kwanza? Ova."

Jibu lilichelewa kupita vilele saba.

"Dada, shikamoo. Huo ujumbe ni namba ngapi? Ova."

Lilikuwa swali la kawaida la mtu wa redio, na Nakijwa alilijibu kikawaida. Alimsomea namba iliyo kwenye bahasha, tarakimu moja moja.

"Huo ninao," Eliewaha alisema. "Ninao tangu mwaka ule. Niliposikia jina langu nikafikiri kuna wa pili."

Hakusema ova. Nakijwa alitazama taa nyekundu ya ujumbe ule, iliyokuwa ikiwaka kama ilivyowaka miezi thelathini na sita, kando ya ile ya kijani.

Wakaelezana, na vilele vyote vikisikiliza. Wiki ya tano Eliewaha alikuwa ameacha nguzo, amefika Makanya, na ndani ya mkoba ana vitambaa vya mtoto. Kituo kilichosikika vizuri pale kilikuwa Nanzika, ambacho kama vituo vyote huwawekea wasafiri nakala ya jumbe zao kwa siku kumi. Aliomba zake, akapewa mmoja. Alikaa Makanya siku nzima, kisha akageuka kurudi relini. Gombelo hakujiandikisha kwa jina wala kwa namba, maana aliona hana tena wa kumtafuta.

"Nilikuwa njiani kurudi," alisema. "Nilifanya alivyosema."

Namsifu aliketi tena juu ya sanduku la vifaa.

Hapo sauti nyingine iliingia, nzito, ya karibu. Kajiru wa Nanzika aliomba radhi kwa kuingilia. Alikuwa na daftari lake mbele yake, alisema, na ujumbe huo alimkabidhi Eliewaha mwenyewe, na stakabadhi ya kupokelewa aliituma Ikongwe siku ileile saa kumi jioni. Stakabadhi ndiyo huzima taa nyekundu. Nakijwa alimtaka asome tarehe. Kajiru alisoma.

Nakijwa aliinuka akatoa daftari la kituo la mwaka ule kwenye rafu, akalipukuta vumbi, akafungua ukurasa. Mwandiko ulikuwa wake. Radi imepiga. Kipokezi kimeungua. Kituo kiziwi siku tano. Kipokezi kimebadilishwa. Kisha mistari kumi na miwili, kwa maandishi madogo mazuri, juu ya makopo: lipi lilizungushwa kiasi gani, na mshale ulisoma wapi. Mwisho aliandika: Makopo yote sita safi.

Baada ya hapo palitakiwa mstari mmoja, na haukuwepo. Kituo kikitoka katika uziwi, mtunzaji huwaomba jirani zake warudie stakabadhi zote walizotuma wakati hakisikii. Ni kazi ya robo saa. Aliikumbuka jioni ile, jinsi mshale ulivyotulia kwenye kopo la sita na jinsi alivyokaa akiutazama kwa furaha, kisha akafunga kibanda akaenda kulala. Aliyafurahia makopo akasahau watu.

Alirudi kwenye redio akalisema kosa lake hewani, wazi, kwa vilele vyote saba. Hakujitetea. Kajiru alikohoa.

"Sisi huku tulisema Ikongwe wana kiburi, hawaombi," alisema. "Kumbe mlisahau tu."

Ndipo Nakijwa alipoitazama orodha kwa macho mengine. Alipitisha penseli kwenye safu ya tarehe. Kati ya majina ishirini na sita, kumi na tisa yalikuwa ya jumbe zilizotumwa katika zile siku tano na siku chache kabla yake. Aliyahesabu tena. Yalikuwa kumi na tisa. Hawakuwa watu walionyamaza. Kwa kadiri alivyoweza kuona, wengi wao walikuwa wamezichukua barua zao kwenye vilele vingine na kuendelea na maisha yao, na hawakuwa na sababu ya kujibu mwito wa leo. Na hata yale aliyokwisha kuyaita hakuwa amefuta lolote, kwa sababu kufuta hufanywa mwisho. Alishika ukingo wa meza. Kitu kilichomkaa begani tangu asubuhi, ambacho alikuwa amekizoea kama uzito wa kawaida wa siku ya mwito, kilishuka.

"Wifi," Namsifu alisema nyuma yake. "Kwa hiyo kila nilipokuuliza."

"Niliona taa nyekundu nikakujibu bado. Kosa ni langu."

"Miaka mitatu nimelala kwa ajili ya taa mbovu."

Nakijwa alisubiri aendelee, akiwa tayari kwa lolote. Namsifu alijifuta uso kwa ncha ya kanga. Akasema kwamba mtu mwenyewe alikuwa Makanya, na vitambaa, na amekaa siku nzima. Alilirudia hilo la siku nzima. Kisha akauliza kama wale wote bado wanasikia.

"Vilele vyote saba."

"Basi siongei. Nipe hiyo ya kuandikia."

Nakijwa alibonyeza kitufe cha kusemea. "Mia mbili kumi na nne, usizime. Wa pili unakuja. Ova."

Lakini sanduku lilikataa. Hapakuwa na chumba. Nakijwa alieleza kwamba ujumbe wa kwanza, kwa kuwa mwenyewe amekiri kuupokea, sasa unaruhusiwa kufutwa. Alimwonyesha kitufe. Namsifu alikitazama, akauliza kama ni hicho tu, akakibonyeza kwa kidole gumba kama mtu anayeua chawa. Taa nyekundu ilizimika.

Wakati anaandika, Nakijwa alimpa mgongo akarudi kwenye kopo la tatu. Aliisikia mibonyezo, ikisimama, ikirudi, ikisimama muda mrefu. Hakugeuka mpaka alipoambiwa tayari. Kwenye kioo palionekana bahasha iliyofungwa, na chini yake hesabu ambayo mashine humwonyesha mtunzaji, basi: maneno thelathini na moja.

Aliutuma. Ulipita Nanzika, ukapita vilele vingine vinne, na kila ulipofika kioo kilionyesha nukta moja. Nukta ya mwisho ilikuwa Gombelo. Eliewaha alitaja jina na namba yake. Kisha pakawa kimya, na safari hii hakuna aliyekuwa akikihesabu kwa saa. Namsifu alikuwa ameshika mpini wa bisibisi ya Nakijwa bila kujua kwamba ameushika.

Stakabadhi ilifika kwanza, mstari mmoja kwenye kioo: umepokelewa, umesomwa, saa kumi na dakika kumi na nane. Sauti ilifuata.

"Ikongwe, nimesoma. Naondoka kesho asubuhi. Ova."

"Nanzika imesikia," Kajiru aliingilia, bila kuulizwa. "Apitie hapa ale."

Mtu mwingine, wa kilele kisichojulikana, alibonyeza kitufe chake mara mbili haraka, tk tk, kama watu wa redio wanavyofanya wanapotaka kusema nipo na hawana la kuongeza. Mwingine akafanya vivyo hivyo. Kisha wengi, mpaka ripita ikawa inagonga kama mvua inayoanza kwenye bati. Nakijwa alifunga mwito kwa siku hiyo. Alitangaza kwamba hakuna ujumbe utakaofutwa, kwamba majina yaliyobaki hayataitwa kabla ya stakabadhi za wiki ile kuombwa upya katika vilele vyote sita, na kwamba kazi hiyo itaanza kesho saa tatu.

Wingu lilikuwa limefunika paneli za jua na mshale wa betri ulikuwa unashuka. Aliandika kwenye daftari saa na dakika ya stakabadhi ile. Kando ya majina kumi na nane yaliyosalia ya tarehe zile aliandika kwa penseli: waulizwe kwanza. Walikula makande yakiwa yamepoa, wote wawili katika bakuli moja, mlangoni.

"Kutoka Gombelo ni siku nne kwa miguu," Nakijwa alisema.

"Tano," Namsifu alisema. "Huyo husimama kuongea na kila mtu."

Nakijwa alitaka kurudi kwenye kopo la tatu japo kwa dakika kumi, kwa kuwa mvumo ulikuwa bado unasikika. Alilitazama. Alama yake ya penseli ilikuwa palepale kwenye kichwa cha skrubu. Aliacha kifuniko wazi, akaliweka daftari la wiki ya radi juu ya kiti chake, mahali ambapo hangeweza kukaa kesho bila kulishika kwanza, akafunga mlango.